Nisomee Jina

Wateja wengi wanaoingia dukani kwetu Biashara Street, Mombasa, hawaanzi na rangi. Anashika doti ya leso, anaikunjua upande wa chini, na kama hakuja na miwani ananisogezea: "Mwanangu, nisomee jina." Namsomea. Akilipenda, ndipo anapouliza kama ipo ya kijani au ya zambarau. Asipolipenda, airudisha mezani hata kama mji wake umechorwa ukachoreka.

Nimeuza leso miaka kumi na minne. Pindo pande zote nne, mji, ule mchoro mkubwa, katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa, chini. Sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba leso ya leo ina pindo kama ya jana. Pindo lisipokuwapo, hiyo si leso, ni kitambaa. Mwanamke aliyetoka Kisauni kwa matatu mbili, juani, hakuja kutafuta leso isiyo na pindo. Amekuja kutafuta neno la kumwambia wifi yake.

Nayasema haya kwa sababu usiku mimi huandika hadithi za mapenzi, na kwa miaka mitatu ya mwanzo nilijaribu kuuza leso zisizo na pindo.

Hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwa kiapo. Niliapa hapatakuwa na tajiri na maskini, hapatakuwa na mama mkwe mkali, wala maadui wanaokuja kupendana, wala mtu anayerudi baada ya miaka kumi. Nilitaka iwe mpya kabisa. Kijana na binti wakakutana, wakazungumza sana, wakatembea Lighthouse jioni wakala mihogo, wakazungumza tena. Nilikuwa nikiituma sehemu kwa sehemu kwenye kikundi cha WhatsApp, shilingi hamsini kwa M-Pesa kwa sehemu tano. Nilianza na wasomaji sitini. Kufikia sehemu ya tisa walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na wawili kati yao ni dada zangu.

Mmoja wa waliobaki alikuwa mama wa makamo kutoka Majengo. Alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake nasikia sufuria na adhana ya Isha. "Mwanangu," akasema, "waandika vizuri, maneno yako matamu. Lakini sijui nimwombee nani."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Alikuwa ameniambia kila kitu. Msomaji wa hadithi ya mapenzi anataka kujua mapema ni wawili gani anawaombea na ni kitu gani kimesimama katikati yao. Vile visa tunavyovidharau kwa kuwa vimezoeleka, kazi yake ni hiyo. Adui kwa adui: tayari nimejua nimwombee nani, na nini kimewazuia. Maskini na tajiri: nimejua. Walioachana wakakutana tena: nimejua. Msomaji akishajua hayo, moyo wake unatulia na masikio yanafunguka.

Bibi yangu alilijua hili bila kufundishwa na mtu. "Paukwa!" anasema, nasi tumelala juu ya mkeka ukumbini, Kibokoni, umeme umekatika. "Pakawa!" Na hapo kale palikuwa na sultani mwenye watoto saba, na sote tulijua kwamba mtoto wa mwisho, yule asiyehesabiwa, ndiye atakayelileta tunda. Bibi akikosea kwa makusudi akampa ushindi mtoto wa tatu, tulikuwa tunapiga kelele. Tulijua mwisho na bado hatukulala. Kilichotukesha ni kile kisima: kina maji au kina jini, na safari hii jini atataka alipwe nini.

Mama yangu naye alikuwa na vitabu vyake vya Kiingereza, vile vyembamba vya Mills & Boon, vilivyonunuliwa vikiwa vimeshasomwa, vimepangwa ndani ya kopo la biskuti. Kampuni ile ilianza London mwaka 1908, na mwaka 1971 ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada. Mama hakuyajua hayo wala hayakumhusu. Alijua tu kwamba kitabu kile kikianza na watu wawili wanaogombana kwenye ngazi, kitaisha na ndoa, na alikinunua kwa sababu hiyo hasa. Siku ya kazi nzito, mtu anataka ahadi itakayotimizwa.

Baadaye nilisoma maelezo ya Pamela Regis, msomi wa Marekani, aliyeeleza mwaka 2003 kwamba riwaya ya mapenzi ina mambo manane ya lazima: jamii wanamoishi, kukutana, kizuizi, mvuto, kukiri, ile saa ambayo yote yaonekana kufa, kutambua kitu kinachoondoa kizuizi, na mwisho posa. Nilifurahi sana kuyaona yamepangwa hivyo. Kisha nikatazama dirishani, nikaona mlango wa jirani ambako wiki ile walikuwa wamekuja wazee wanne wenye kanzu na kofia kuleta posa kwa binti ambaye hajapata kuzungumza na kijana mwenyewe zaidi ya salamu. Kwetu jambo la nane huweza kuwa la kwanza. Regis mwenyewe amesema mambo yale hayana mpangilio mmoja. Lakini ilinibidi nione posa ya jirani ndipo nielewe uzito wa maneno hayo. Mtu akiposwa kwanza, kukiri kunakuja wapi? Kunakuja baada ya nikaha, jikoni, labda mwaka wa pili. Na ni kukiri kugumu zaidi, kwa sababu hakuna tena kitu cha kupata kwa kukiri. Mke unaye tayari.

Basi nikaacha kiapo changu. Nikachukua kisa kinachopendwa duniani kote, ndoa ya kuigiza. Kijana mama yake ni mgonjwa, anataka kumwona mkwe kabla ya kufa. Binti anakimbia mchumba mzee. Wanapatana waoane kwa miezi sita, waandikishane, kisha kila mtu ashike njia yake. Nikaandika sehemu tatu kwa mkono mmoja, raha tupu, nikampelekea shangazi yangu azisome kabla sijazituma. Shangazi alisomesha watoto chuo cha Kurani kwa miaka mingi na hasomi kitu kwa haraka.

Aliniita baada ya Alasiri. Simu yangu ilikuwa juu ya paja lake, miwani kwenye ncha ya pua.

"Walii alikuwapo?"

"Alikuwapo, shangazi. Babake."

"Mashahidi?"

"Wawili."

"Na hiyo miezi sita imetajwa kwenye nikaha?"

Nikasema imetajwa, imeandikwa kabisa.

"Ukiutaja muda, hiyo ni mut'a, na kwetu haifai, hapana ndoa hapo. Usipoutaja, basi wameoana, hata kama walikuwa wakicheza. Mambo matatu, mwanangu, mzaha wake ni kweli: nikaha, talaka na kurejea. Mtume amesema. Sasa chagua."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikidhani hadithi imekufa. Usiku nikaelewa kwamba shangazi alikuwa amenipa hadithi bora kuliko niliyompelekea. Katika vitabu vya mama, ndoa ya kuigiza ni karatasi. Inachanwa. Huku haichaniki. Wale wawili wametamka mbele ya mashahidi, na tangu dakika ile yeye ni mume na yeye ni mke, wapende wasipende. Kuigiza kunakobaki ni kwa moyoni tu, kila mmoja akijidanganya kwamba mwenzake bado anahesabu miezi. Wakiachana kabla hawajakutana kimwili, hapana eda, ule muda wa mke kungoja kabla ya kuolewa tena, lakini kuna nusu ya mahari, ila mke akisamehe, au mume aone vyema atoe yote. Hesabu ile ya nusu na yote nilikaa nayo muda mrefu. Nilijua kuna siku itanifaa.

Tangu hapo nikawa kila nikichukua kisa cha kuzoeleka nakipeleka kwa watu wanaojua mambo ya nyumbani kwetu, nawauliza: hapa, Mombasa, hiki kinazuiliwa na nini hasa? Na hadithi iliyonifanya nijulikane ilitoka katika swali hilo.

Kisa chenyewe ni kikongwe, wapenzi walioachana wanaopata nafasi ya pili. Waandishi wengi huwakutanisha baada ya miaka, harusini au uwanja wa ndege. Mimi nikauliza, kwani nafasi ya pili si imewekwa tayari? Mwanamke akipewa talaka ya kwanza au ya pili, eda yake ni tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi, na ndani ya eda hiyo hatolewi nyumbani. Anakaa mle mle. Mume akitaka kumrejea anamrejea bila nikaha mpya, bila mahari mapya. Muda ukipita, itabidi aanze upya, apose kama mgeni. Na kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kurejea ni kwa kutamka. Kumtazama kwa huruma hakutoshi, wala kumletea zawadi. Lazima aseme.

Hebu fikiria. Nyumba moja, saa inayokwenda, na neno moja ambalo kwa mwanamume mwenye kiburi halitaki kutoka. Hawaruhusiwi kukaa faragha, kwa hiyo mama mkwe yuko sebuleni na tasbihi yake, na ndugu mdogo anaingia na kutoka akitafuta chaja. Nilikuwa nimetafuta kitu kama hicho katika vitabu vya wageni, nao ili kuwafungia watu wawili pamoja hulazimika kuleta theluji na hoteli iliyobakiwa na chumba kimoja. Sisi tuna sheria nzima iliyotungwa ili watu wapate muda wa kufikiri.

Hadithi ile ilikwenda sehemu arobaini na mbili, na karibu hapatokei kitu. Kila asubuhi mwanamke anaiacha chai ya tangawizi ndani ya thamosi, juu ya kabati la jikoni, kwa wote wa nyumbani. Hamtengei mtu. Sehemu ya kumi na tisa, mume anamimina kikombe, anaonja, anasimama. Haina sukari. Mwezi uliopita daktari alimwonya kuhusu sukari, na hilo alimwambia mtu mmoja tu, usiku mmoja, kabla ya ugomvi. Mama yake naye anaonja, anakunja uso: "Leo chai imesahauliwa sukari." Mwana anajibu, "Iko sawa, mama." Basi, sehemu imekwisha.

Nilipoituma ile sikulala vizuri, nikiogopa watu watasema si kitu. Asubuhi nilikuta ujumbe zaidi ya mia. Mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya eda yake mwenyewe aliniandikia kwamba amekaa sakafuni jikoni akalia. Mume mmoja, ndiyo, wanaume nao wanasoma, alinipigia kutoka Changamwe akauliza zimebaki siku ngapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nduguye.

Kisa cha kitanda kimoja nacho nilikihamisha. Siwezi kuwaweka chumba kimoja watu wasiooana, na hata ningeweza, wasomaji wangu wangetumia sehemu nzima kuwaonea haya badala ya kuwaombea. Nikawapandisha feri ya Likoni. Jumapili moja nilivuka mara tatu kwenda na kurudi, daftari mkononi, maana anayetembea kwa miguu halipi. Niliandika harufu ya dizeli na maji ya chumvi, mikokoteni ya madumu, na jinsi watu wanavyosimama bega kwa bega bila kutazamana. Safari ya tano injini ikanyamaza katikati ya mkondo. Kimya. Watu wote waligeuka kutazama maji kwa pamoja. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, nisiyemjua, alinishika mkono wa buibui, akaukamata hasa, kitambaa kikajikunja ndani ya kiganja chake. Dakika mbili, labda tatu. Injini iliponguruma tena akaachia, akautazama ule mkunjo, akaunyoosha kwa vidole viwili kama mtu anayelipa deni, kisha akatazama upande wa Likoni na mimi nikatazama upande wa mjini.

Mkono ule niliutia katika hadithi bila kubadilisha kitu, ila nilimpa binti ambaye kwa sehemu kumi na mbili alikuwa hamsemeshi kijana yule. Kilichosumbua wasomaji wiki nzima ni kile kitendo cha kunyoosha mkunjo.

Kuna visa sivigusi tena. Aliyepoteza kumbukumbu, pacha asiyejulikana, barua iliyofichwa miaka ishirini: naviheshimu kwa wanaovipenda, lakini havijapata kunipa mkono kama ule wa kwenye feri. Na kuna kimoja ambacho lazima nikieleze vizuri, kwa sababu nilikitumia vibaya na kilimgusa mtu.

Ni kile cha mwanamume mwenye wivu. Kinauzika kama mahamri ya asubuhi. Hadithi yangu ya tatu ilikuwa na Fahim, kijana mzuri, mwenye duka la vipuri, anayempenda binti kiasi cha kumnyang'anya simu, kumfuata kazini, kumfungia mlango asiende harusini kwa sababu ndugu fulani atakuwapo. Niliyaandika yale kama dalili za penzi zito, kwa kuwa ndivyo nilivyoyakuta yameandikwa, na sikusimama kujiuliza. Wasomaji walimpenda. Walimwita "Fahim wetu".

Barazani pa duka letu huketi binti anayewapindia wateja leso kwa cherehani. Umri wake ulikuwa miaka kumi na tisa wakati ule. Alikuwa akisoma kila sehemu. Siku moja, akikata uzi kwa meno, aliniambia akitabasamu: "Dada, mchumba wangu ni kama Fahim wako. Simu yangu yuwaishika yeye."

Nilikuwa nakunja doti. Niliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kama daftari, nikaikunjua, nikaanza tena. Alikuwa akiniambia kwa furaha. Alikuwa ameyapima mambo ya mchumba wake kwa kipimo nilichompa mimi.

Usiku ule niliandika kwenye kikundi kwamba sehemu itachelewa. Ilichelewa siku kumi. Sikumfanya Fahim awe mwovu ghafla, kwani hilo lingekuwa uongo mwingine. Nilimwacha na wivu wake wote, nikabadilisha wanaomtazama. Ami yake binti alikuja nyumbani, akaketi, akanywa kahawa, akauliza kwa upole: "Mwanangu, simu ya bintiyetu inafanya nini mfukoni mwako?" Na binti, aliyekuwa kimya tangu sehemu ya kwanza, akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Nilimwacha angoje ukurasa mzima. Wasomaji zaidi ya thelathini waliondoka, wengine kwa matusi, wakisema nimewaharibia Fahim wao. Kisa kile kile ningekitumia tena kesho, na wivu ungekuwamo, kwa sababu upo majumbani mwetu. Ila sitaupaka tena asali.

Binti wa cherehani nilizungumza naye, mara nyingi. Yaliyofuata ni yake, sitayaeleza.

Sasa nimerudi kwa wale wawili wa nikaha isiyo na mzaha. Imenichukua miaka sita tangu siku ile kwa shangazi. Mama wa kijana alikufa sehemu ya ishirini, kwa hiyo sababu ya kuoana imekwisha na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme kwanza. Wiki iliyopita nilifika pale pa mahari. Kijana amezungumza na kadhi, anajua anachodaiwa ni nusu. Anakuja jioni, bado amevaa shati la kazi la bandarini, anaweka bahasha juu ya meza, karibu na sahani ya kaimati. Binti anazihesabu. Anazihesabu tena. Zimo zote.

Shangazi, ambaye sasa macho yamechoka na inanibidi nimsomee, aliniambia nirudie mstari ule. Kisha akasema, "Mtu anayetaka kwenda zake haleti zote." Nikamwuliza kama binti analijua hilo. Akaguna tu, akaomba maji.

Niliituma saa nne usiku, bila kusema binti alifanya nini. Ujumbe wa kwanza uliingia kabla sijaweka simu chini, na ulikuwa wa yule mama wa Majengo. Siku hizi haongei, huandika, kwa herufi kubwa tupu.

"ASIIPOKEE. MWAMBIE AMTAZAME MIKONO. BAHASHA ILIVYOWEKWA, MIKONO ILIKUWA IKITETEMEKA AU HAIKUTETEMEKA? HUKUSEMA."

Nikafungua hadithi, nikarudi pale mezani kuangalia.